Jina la Mkeka Lililofungua Nyumba Yetu

Nyumbani kwetu,
Savai'i, Samoa.
14 Mei 2023.

Mpendwa mwanangu Aukuso,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Hujambo huko Brisbane? Mkeo Sieni na watoto hawajambo? Na lile bega lako limepona, au bado unabeba mizigo huku unajidai kijana?

Afya yangu sitakuficha. Moyo umechoka. Nikitoka kitandani hadi barazani napumzika kama niliyepanda mlima. Daktari alizungumza nami kwa upole mno, nikajua. Usihuzunike, nimeishi vya kutosha. Ila kuna jambo nataka kulikiri mwenyewe kabla sijaondoka: jina la mkeka wa bibi yako nimelitoa kwenye waifai.

Najua ulipotuletea ruta ya intaneti uliliweka kuwa neno la siri kwa mapenzi, ukidhani mtu wa nje hatalijua. Mwanangu, umekaa mbali muda mrefu. Mkeka ule ulitolewa siku mdogo wako Setu alipomwoa Tuaoi, na jina lake likatangazwa uwanjani, kama desturi yetu kwa kila mkeka wa heshima, kijiji kizima kikisikia. Haukupita muda vijana wakaanza kukaa kwenye ukuta wetu kila jioni na simu zao. Nikadhani wamenipenda. Nilikuwa hata nawapelekea kakao.

Kisha mwezi wa pili mtu akafungua ukurasa kwa jina la uongo, akamtukana mke wa mchungaji. Polisi wa mjini wakafuatilia, wakasema matusi yametoka kwenye intaneti ya nyumba yetu. Macho yote yakamgeukia Tuaoi. Ni mke aliyetoka kijiji kingine, tena ndiye mjuzi wa kompyuta hapa nyumbani. Baraza la wazee likaitwa, na maneno yakawa kwamba arudishwe kwao, mtoto abaki.

Kwa kuwa siwezi kutembea mbali, wazee walikubali kukaa kwenye nyumba yetu ya kupokelea wageni. Tuaoi aliketi nyuma yangu, mtoto mapajani. Nilimsikia anavyopumua.

"Mwalimu," akaniuliza Leaupepe, msemaji wa baraza, "neno la siri la nyumba hii analijua nani?"

"Wewe," nikamjibu.

"Mimi? Hata simu yenyewe nimenunuliwa na wanangu!"

"Nitajie mkeka uliotolewa harusi ya Setu."

Unamjua Leaupepe. Hawezi kutaja mkeka kwa sauti ndogo. Alisimama, akatanua kifua, akanguruma: "Malamaoletaeao!"

"Ahsante. Sasa liandike kwenye simu yako, herufi ndogo tupu."

Aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Ghafla simu ikaanza kulia ti, ti, ti, picha za wajukuu zake wa Auckland zikamiminika.

"Kumbe ni wewe!" akapiga kelele mzee Faleafa, aliyekaa karibu naye. "Arudishwe kwao huyu!"

"Kwetu ni hapa hapa, bwege wewe!"

Walicheka hadi mkuu wa kijiji akafuta machozi. Nikangoja wanyamaze, kama nilivyozoea darasani. Nikawaambia kila anayeingia kwenye mtandao wetu huonekana amesema kwa kinywa cha nyumba yetu, na waliojua njia ya kuingia ni kijiji kizima. Kama ni kumrudisha Tuaoi, wawarudishe wote waliokuwa harusini. Mkuu akasema shauri limekwisha. Aliyeandika matusi hajajulikana hadi leo. Hilo nimewaachia polisi.

Nakiri nimejivuna tangu siku ile, na Mungu anisamehe. Lakini najivunia zaidi yaliyofuata. Tuaoi alinielekeza, nikafanya kwa mkono wangu mwenyewe. Kwanza tulibadilisha neno la kuingilia ndani ya mipangilio ya ruta, lile ililotoka nalo kiwandani likiwa limebandikwa chini yake. Wewe hukuligusa, fundi mzima! Kisha tukaweka neno la siri jipya la waifai, refu, la maneno yasiyohusiana na ukoo wala kanisa. Tukaruhusu ruta ipokee marekebisho yake yenyewe. Mwisho tukafungua mtandao wa pembeni kwa wageni, usiogusa vifaa vyetu, nao hujizima saa ya sala ya jioni.

Siku chache baadaye Leaupepe alikuja, akaketi, akatoa hotuba ndefu kama anayeposa, kumbe anaomba waifai. Nilimpa ya wageni. Sasa kijijini watu wanaomba, hawajichukulii. Na nyumba tatu zimemwita Tuaoi akawafungie zao. Yule waliyetaka kumfukuza!

Neno la ndani ya ruta nimemkabidhi yeye peke yake. Wapo waliosema lishikwe na mtu wa damu. Mimi ndiye mtu wa damu, na nimeshachagua.

Setu anakusalimu kutoka shambani kwenye magimbi yake. Faleafa naye anakusalimu. Msalimie sana Sieni, na wabusu wanao kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyumba nzima, mlalapo na mwamkapo.

Ukija kunizika, simu yako haitaingia yenyewe kama zamani. Mwombe Tuaoi. Na umwombe kwa heshima, maana nyumba ni yake.

Ni mimi nikupendaye hadi pumzi ya mwisho,
Shangazi yako,
Litara