Kitalu Chako Kimehamia Janga

Zuhura,

Ni mimi Mwanahawa, mke mwenzako wa kijijini Janga. Najua ulipokuwa hai sikuwahi kukutumia hata ujumbe wa simu wa kukutakia Idi. Leo nimeketi mlangoni pa kitalu nyumba chako na daftari la mwanangu wa mwisho mapajani, maana sina mwingine wa kumwambia haya. Nikimwambia dada yangu atanicheka. Nikimwambia mume wetu... basi tu.

Kitalu kiko huku kwangu sasa. Arobaini yako ilipokwisha, mama yako alimwita bwana wetu akamwambia, "Kichukue, baba. Mimi kwa magoti haya siwezi kuinama humo, na nikikiona kimekaa kitupu naumia." Hukujaaliwa mtoto, basi hapakuwa na wa kukishika. Kikafunguliwa bomba moja moja, neti zikakunjwa, mipira ya maji ikaviringishwa, vyote vikapakiwa kwenye lori la Fuso kutoka Kisarawe mpaka mbele ya nyumba yangu. Nilisimama nikatazama vikishushwa na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, leo nimekipata.

Maana mimi ndiye niliyeanza kukitaka. Sijui kama alikuambia. Bwana shamba alitupeleka sisi kina mama wa Janga kwenda kuona kitalu nyumba cha kikundi kimoja kule Dutumi. Katikati ya masika, nyanya zangu za nje zimeoza zote kwa mvua, naingia mle nakuta nyanya zimepanda kamba mpaka juu ya kichwa changu, hazina doa. Niliporudi nikamwambia bwana, "Na mimi nataka kama kile." Akasema, "Subiri kwanza, Mama Mwajuma." Nikasubiri misimu miwili. Halafu shemeji akatoka kwenu, anacheka, hana habari: "Shemeji, Bi Mdogo kapata grinihausi, uione!"

Siku ile sikula.

Idi pili nikaja kwako. Nilisema nimekuja kuwasalimu, lakini nilikuja kuona. Ulinipokea njiani, "Shikamoo Bi Mkubwa," nami nikaitika marahaba huku macho yangu yako nyuma ya mgongo wako, yanatafuta. Ulinishika mkono ukanizungusha kote. Ulivyokuwa unaongea! Ulinieleza kwamba muuzaji wa Dar alitaka kukupa lile grinihausi la kufunikwa nailoni pande zote, ukamkatalia. "Nikamwambia hilo wapelekee wa Lushoto wenye baridi yao. Sisi huku tutazipika nyanya zikiwa mtini." Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Kwako nailoni ilikuwa juu tu, ya kuzuia mvua, na pembeni ni neti tupu, wadudu wabaki nje na upepo upite. Ulikiweka mbali na miti, kwenye mwinuko, maji yasituame. Ukaniambia nailoni yenyewe mliivuta jua lilipokolea, kwa sababu ikipata joto inalegea, na mkiifunga hapo, ikipoa inakaza kama ngoma.

Hukunificha kitu. Laiti ungenificha. Ningekuchukia kwa raha zaidi.

Kisha bwana akatokea humo ndani, udongo mpaka kwenye viwiko, anatabasamu. Zuhura, mume huyo kwangu hakuwahi kushika jembe. Kwangu alikuwa anakuja na kanzu yake, anaketi barazani anasubiri chai. Mimi nimemzalia watoto wanne, wewe huna hata mmoja, na siku ile niliondoka kwako najua kabisa kwamba mwenye mume ni wewe.

Halafu ukafa. Kichwa kilikuuma asubuhi, alasiri wakatupigia simu. Nilikuja msibani nikakaa mkekani na wanawake wa kwenu, nikalia, na nikawasikia wakinong'onezana, "Bi Mkubwa ana moyo huyu." Sina moyo. Nililia kwa kuogopa wasije wakanisoma usoni. Kilio chenyewe kilinijia baadaye, nikiwa kisimani peke yangu, na mpaka leo sijui kilitoka wapi.

Sasa nikuambie nilichokifanya.

Nilitaka kikae kando ya barabara, kila anayekwenda Mlandizi akione. Bwana akasema, "Lakini Zuhura alikiweka..." Nikamkata, "Hapa ni Janga." Akasema pembeni tuache neti, kama Zuhura. Nikaagiza nailoni nyingine nikafunga pande zote nne. Neti zako nikazitupa stoo. Na kwa haraka ya kutaka kukiona kimesimama, tukaifunga nailoni alfajiri kwenye ubaridi. Jua lilipopanda ikalegea yote, na kila upepo ukivuma inapigapiga kama mtu anayenizomea.

Lakini miche ilishika. Ikapanda kamba, ikatoa maua, nikawaita majirani waje kuona. Wiki ile ile maua yakaanza kupukutika. Kila asubuhi nakuta chini njano tupu, na kwenye shina hakuna hata nyanya changa. Saa sita ukiingia humo, jasho linakuwahi kabla hujafunga mlango. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji, majani yakaanza kushika ukungu. Nilikuwa nazipika, Zuhura. Nilikuwa nazipika zikiwa mtini, na sikutaka mtu yeyote ajue kwamba ninajua.

Bwana aliona. Na unajua kilichoniuma zaidi? Zamu zimekwisha. Siku zote saba ni zangu, hakuna tena wa kugawana naye. Na siku zote saba anazimalizia kwenye kitalu chako. Anapitisha mkono kwenye bomba, anagusa pale palipokwaruzika, anasimama. Chai inapoa.

Siku moja nilikuwa nimeinama nafunga shina kwenye kamba. Yeye alikuwa upande wa pili anaosha chujio la maji. Bila kuinua kichwa akasema, "Zuhura, nipe mkasi."

Nikampa.

Hakujua alichosema, au alijua, sijui. Aliosha mikono akaenda msikitini kuswali adhuhuri. Mimi nikaingia jikoni nikachukua panga. Nikachana nailoni ya ubavuni kutoka mlangoni mpaka mwisho, nikazunguka nikachana na ule ubavu mwingine. Nilipomaliza, upepo wa upande wa mto Ruvu ukaingia huku ukatokea kule, majani yote yakageuka kwa pamoja. Nikasimama hapo na panga langu, napepewa, nimepumbaa. Kwa hasira yangu nilikuwa nimefanya kile kile ulichoniambia.

Bwana aliporudi alitazama ile mipasuko, moja kwa moja, imenyooka kama imepigwa rula. Akanitazama mimi. "Upepo wa leo, Mama Mwajuma," akasema, "una makali." Kisha akaingia stoo akatoka na neti zako begani, akaanza kuzifunga. Nikaona aibu kusimama tu. Nikashika ncha ya pili.

Baada ya siku chache maua yaliacha kuanguka. Nyanya zimekuja, Zuhura, nyingi, ngumu, nyekundu. Kikapu cha kwanza nilikwenda nacho mwenyewe Kisarawe kwa mama yako. Aliishika moja akainusa muda mrefu, kisha akaniita kwa jina lako, akajisahihisha, akacheka, akalia. Kwake sikuumia. Ajabu hiyo.

Ila juzi nimeumia tena. Niliingia na ndoo yangu asubuhi nikamkuta bwana amechuchumaa katikati ya mistari, kofia ameishika mkononi, analia. Hakunisikia. Miaka yote tuliyokaa sijawahi kuona chozi la mtu yule, hata tulipomzika baba yake. Nikarudi nyuma nikasimama nje ya neti. Wivu ukanipanda, ule ule wa Idi pili, kama vile bado uko hai na leo ni zamu yako. Nikawaza, mimi nikifa, huyu atanililia wapi? Barazani? Kuna kitu gani nilichokigusa mimi ambacho yeye atakwenda kukishika?

Ndiyo maana nimekaa hapa nakuandikia.

Nisamehe, mwenzangu. Nisamehe kwa ile furaha ya siku ya Fuso. Siwezi kukuahidi kwamba wivu utaniisha, nitakuwa nakudanganya, na wewe uko mahali pasipodanganywa. Ninachokuahidi ni hiki: akiingia humu kukulilia, sitamfuata, wala sitakohoa mlangoni ili ajue nipo. Nitasubiri nje mpaka atoke. Mama yako sitamtupa. Na watu wakiniuliza nani alinifundisha kazi hii, nitakutaja wewe, kwa jina.

Jambo moja tu ninakuomba. Lile tuta la mwisho, la upande wa mashariki, nimeling'oa nyanya. Nimemwambia bwana tupande matango, mimi na yeye, tuanze na mbegu. Mama yako aliniambia hukuwahi kupanda matango, ulikuwa huyapendi. Bwana amekubali, ameshaloweka mbegu.

Mistari mingine yote ni yako. Hilo tuta niachie, Zuhura.

Mungu akupe nuru huko uliko.

Mwenzako,
Mwanahawa