Mkwe Kanikuta Jikoni

Ngolo, uko wapi? Mwenzio leo nimeumbuka.

Mama mkwe katoka Mamboya bila hata kupiga simu. Kanikuta jikoni nimejifunga kanga ya marehemu mke wangu, Shamimu ananisomea kile kitabu chake cha mapishi ya watoto. Kanga, Ngolo! Mbele ya mkwe!

Shikamoo yangu hakuiitikia. Kasimama mlangoni: "Nimemfuata mjukuu wangu. Hapa atakufa njaa."

Nikamwambia, mama, najifunza. Mafunzo ya mapishi yalipokuja, mwenyekiti wa kijiji aliita wanawake tu. Sisi tuliofiwa tukajifunze wapi? Hao wakubwa wanadhani wake za watu hawafi.

Mtoto naye, kwa woga, akaendelea kusoma: "Sasa mwite mama aonje chumvi."

Mwite mama! Ndivyo kilivyoandikwa. Siku zote mstari huo tunauruka, leo kasahau.

Maharage yanachemka tu.

Mara namwona mama mkwe anavua ndala. Kaingia, Ngolo. Kaingia jikoni kwa mkwewe, na unajua kwao hiyo ni aibu kubwa. Kachota mchuzi, kaonja.

"Chumvi imezidi, Baba Shamimu. Ongeza maji."

Basi nikaongeza. Akakaa kwenye kigoda, akala sahani nzima huku machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

Kaondoka peke yake. Mtoto kalala. Mimi nimechoka, ndugu yangu, hata vyombo sijaosha.