Bwana Harusi Gatini, Bibi Harusi Dawatini

Shangazi Olvina mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe mwandiko, naandika nikiwa nimejificha stoo ya majaketi ya kuokolea, maana hapa melini hakuna pengine mtu anapoweza kukaa peke yake, na ukikutwa unalia umevaa sare unaambiwa una mafua na unafungiwa chumbani siku nzima usije ukawaambukiza abiria, kwa hiyo nalia kwa adabu. Naomba uniokoe, Shangazi, kwa sababu nina mchumba ambaye nimeshamkosa kanisani mara tatu, Jumatano ijayo itakuwa ya nne, na mwenyewe amesema hakuna ya tano. Jina langu tafadhali lisitoke gazetini.

Mimi ni mtoto wa hapo hapo Roseau, Dominica, kazi yangu ni dawati la huduma kwa wageni katika meli ya watalii, yaani ile meza ambayo abiria akikasirika ndiko anakokuja kukasirikia. Mchumba wangu anaitwa Alwin, fundi wa mapaa, mpole, hana makuu, na tulipanga tufunge ndoa Jumatano ya kwanza ya msimu, kwa sababu meli inafika Roseau asubuhi na kuondoka jioni na sisi wafanyakazi tunapewa saa chache tu za kushuka, basi tukapiga hesabu, kanisani, picha, chakula kwa mama yake, keki, nikimbie nirudi kabla ngazi haijavutwa, halafu nimalizie mkataba nirudi nyumbani kwa mume wangu moja kwa moja. Ndipo kikaja kile kimbunga cha Septemba, nacho unakijua kuliko mimi.

Kampuni ikasema gati la Roseau litakuwa limeshatengenezwa, ikasema hivyo wiki baada ya wiki, mimi nikawa nawaambia abiria hivyo hivyo na Alwin naye hivyo hivyo, mpaka siku moja kabla ya harusi wapiga mbizi wakaibuka kutoka chini ya gati wakasema nguzo zimepasuka, meli kubwa ikifungwa pale inaweza kuondoka na gati lenyewe, basi ofisi kuu ikafuta Roseau, ikasema twende Basseterre, kisiwa kingine kabisa. Na unajua nani alisoma tangazo kwenye vipaza sauti? Mimi, Shangazi! "Habari za mchana mabibi na mabwana, kwa ajili ya usalama wenu..." Nikafuta harusi yangu mwenyewe kwa sauti ya tabasamu, kisha nikakaa mezani kupokea foleni. Mama mmoja analia kwamba amekuja kumwona kasuku wa Dominica na sasa atamwona wapi, mzee mwingine anataka kujua kwa nini kimbunga kije wakati yeye kashalipia tangu Februari, na wote nikawapoza, ada ya bandari mtarudishiwa kwenye akaunti zenu za hapa melini, ziara mlizonunua kwetu tutawarejeshea, mlizonunua nje mtajuana na waliowauzia, na mkataba wenu ukurasa wa nyuma unamruhusu nahodha kubadili bandari bila fidia, haya, chukua vocha ya kinywaji. Wakaondoka wanacheka. Nina kipaji hicho, kila mtu anasema, hata msimamizi wangu Bi Marguerite ameniambia msimu ujao nitakuwa mkuu wa dawati, ingawa hilo halihusiani na haya tunayozungumza.

Nilipompigia Alwin nilimwambia, "Mpenzi, kwa ajili ya usalama wetu sote, ratiba imebadilika."

"Ratiba gani? Padre kashapiga pasi kanzu!"

"Tunaomba radhi kwa usumbufu. Tunathamini sana uvumilivu wako."

"Tunathamini? Wewe na nani, Josette?"

Nikamwambia atapata fidia. Akaniuliza fidia ya gati au ya mke. Nikasema nitafuatilia nimjulishe.

Mara ya pili ni yeye mwenyewe aliyetaka, maana kampuni ilikuwa imetupangia Castries badala ya Roseau, akasema kama meli haiji kwake yeye ataifuata. Akaacha mapaa ya watu wazi, akapanda feri kwenda Saint Lucia na suti yake ndani ya mfuko wa nailoni, na mama yake Bi Clemencia aliyeipakata keki nyeusi ya ramu njia nzima asiruhusu mtu kuishika, na mashangazi wawili, na mpiga akodiani aliyetapika tangu feri ilipong'oa nanga. Kibali cha ndoa wakapata, padre wa kule akakubali. Lakini wiki ile kila kampuni iliyobomokewa na bandari yake ilikuwa imekimbilia Castries, tukafika mpaka mlangoni mwa bandari tukaambiwa nafasi hakuna, meli zimejipanga kama kuku juu ya mti, tugeuke. Tukageuka. Nilikuwa kwenye sitaha, nikamwona mtu wa suti ya kahawia kwenye ukingo wa gati, na pembeni yake Bi Clemencia kakalia kreti, kakumbatia keki. Nikapunga mkono, na abiria waliosimama karibu nami nao wakapunga, wamezoea kupunga wale. Alwin akanipigia simu. "Nimeona watu kama mia wananipungia," akasema. "Wewe ulikuwa yupi?"

Mara ya tatu ndiyo Jumatano iliyopita. Roseau imefunguliwa kidogo, gati bado, lakini meli inatia nanga nje na boti ndogo zinapeleka watu pwani, na asubuhi ile Bi Marguerite akatuuliza nani atabaki mezani, maana hata watu wakishuka hawakosekani wawili watatu wenye malalamiko, na wenzangu walikuwa wamechoka jamani, wamechoka kweli, nikaona si vibaya nibaki mimi kidogo, halafu boti ni za abiria kwanza, halafu mambo yakawa mengi, mara nasikia honi ya kuondoka. Nikamwambia Alwin boti zilijaa. Sasa nilijuaje kwamba Bibi Dorothy, abiria wetu mmoja mwenye fimbo na mdomo, alishuka akamkuta Alwin pale pwani, akamwambia kijana umependeza, unamngoja nani, Alwin akasema namngoja Josette wa dawatini, bibi akamjibu, "Josette? Nimetoka kwake sasa hivi, hana hata mtu mmoja kwenye foleni, anachorachora maua."

Alwin hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alinitumia ujumbe wa sauti, anaongea polepole: "Jumatano nitasimama hapa tena. Usiposhuka, suti namrudishia binamu yangu, na mimi narudi juu ya mapaa. Sitakusumbua."

Shangazi, nampenda Alwin, haki ya Mungu nampenda, nikisikia sauti yake nasahau hata namba ya chumba changu. Sina neno hata na mama yake, ingawa ameshapaka chumba chetu cha ghorofani rangi ya waridi bila kuniuliza, na amenishonea aproni ya kuuzia dukani kwake yenye jina langu kifuani, aproni tatu, za kubadilisha. Nachotaka ni kimoja tu. Nisemeje ili Alwin aelewe kwamba yote haya ni kimbunga?

Ni mimi mwanao,
Bibi Harusi wa Dawatini


SHANGAZI OLVINA ANAJIBU

Wewe Dawatini, karibu, futa machozi, toka kwenye hayo majaketi.

Kabla sijaanza niseme ukweli wangu, nisije nikaambiwa naficha. Jikoni kwangu kuna turubai la buluu tangu Septemba, na fundi aliyeahidi kuja kuniwekea bati anaitwa Alwin. Nilipoambiwa ameondoka na feri kufuata meli nilimwita majina ambayo gazeti hili halichapishi. Kwa hiyo hapa sina upendeleo kwa mtu yeyote. Na jina lako nilikusudia kulificha kama ulivyoomba, ila umeliandika mwenyewe mara tatu, na hata usingeliandika, fundi wa mapaa anayezunguka visiwa na suti ndani ya mfuko wa nailoni yuko mmoja tu, na mji mzima unamjua.

Haya. Unataka Alwin aelewe kwamba ni kimbunga. Mara ya kwanza ni kimbunga, na nakupa pole, tena pole ya kutoka moyoni, kwa sababu kusoma tangazo la kufuta harusi yako huku unatabasamu ni adhabu nisiyomtakia hata mkwe wangu. Mara ya pili ni kimbunga pia, pamoja na hayo mameli kukimbilia bandari moja yote. Lakini mara ya tatu, mwanangu? Jumatano ile mimi nilikuwepo sokoni. Bahari ilikuwa imelala. Boti za mchana zilikuwa zinakuja na watu wawili na kofia. Ungeweza kuja peke yako umejinyoosha kwenye benchi!

Sentensi yako ya "nikaona si vibaya nibaki mimi kidogo" nimeisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Umeitia katikati ya maneno mengi kama waajiri wako wanavyotia mambo yao kwenye ukurasa wa nyuma wa mkataba. Na hapo hapo unaniambia umeahidiwa ukuu wa dawati, halafu unasema halihusiani. Josette! Katika barua yako yote, hilo ndilo linalohusiana. Hilo na aproni tatu.

Unampenda huyo kijana, nakuamini. Usichokitaka ni duka la mama yake na chumba cha waridi, na hujamwambia mtu, ukakaa unangoja bahari ikusemee. Bahari ikakusemea mara mbili, ya tatu ikakataa, ikabidi ujisaidie mwenyewe.

Sasa nikugombeze vizuri, maana kwa hili umeniudhi. Unajua sisi huku nchi kavu tunapokeaje hayo mabadiliko yenu ya ratiba? Abiria angalau anapata karatasi chini ya mlango na vocha. Sisi wauza viungo, madereva, wasusi, wenye mabanda ya juisi, tulikaa tumefua vitambaa vya meza, tukaziona meli zinapita kwenda kwa wenzetu, na hakuna mtu aliyekuja kutuambia lolote kwa mdomo wake. Gati kuvunjika tungelisamehe, ni kazi ya Mungu. Lakini kukodolea macho upeo wa bahari kila Jumatano kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuamua kutokuja, ah, hilo linauma mpaka kwenye mifupa. Na wewe, mtoto wa Roseau, uliyezaliwa unaangalia maji hayo hayo, umemfanyia hivyo hivyo mtu wako. Umemwambia "tunathamini uvumilivu wako"! Aibu yako.

Basi fanya hivi. Usingoje Jumatano. Leo hii mpigie simu umwambie boti hazikujaa, ulibaki kwa kupenda. Mwambie kabla hajavaa suti, kabla mama yake hajawasha tanuri. Usiombe radhi kwa niaba ya mtu yeyote, sema "mimi". Atanyamaza. Mwache anyamaze, usiujaze ukimya wake na maneno ya kazini.

Kisha mwambie kuhusu cheo. Mwambie unakitaka. Hapa kisiwani kuna nyumba chungu nzima ambazo mmoja yuko baharini miezi kadhaa halafu anarudi miezi miwili, watoto wanasoma na mapaa hayavuji. Bahati yako una mume mtarajiwa ambaye kwa jinsi kimbunga kilivyofanya kazi, atakuwa juu ya nyumba za watu mpaka mwakani hata ukiwa nyumbani. Huenda akakubali. Huenda akakataa, na akikataa ana haki, nawe utalia kwa haki, hutakuwa umemfanya mjinga mtu mwema.

Kwa Bi Clemencia nenda mwenyewe, usimtume Alwin, wanaume hawajui kurudisha aproni. Mshukuru kwa ushonaji, mwambie duka hutaliweza, umwombe chumba kibaki cha waridi kwa ajili ya wageni. Atafura. Nimesoma naye shule, anafura siku tatu.

Na Jumatano umwambie Bi Marguerite mapema kwamba dawatini akae mwingine, halafu shuka. Usivae shela. Kwamba kutakuwa na harusi au hakutakuwa, hilo litajulikana baadaye, wewe shuka na gauni la kawaida, uende mpaka alipo, mbele ya madereva wote na wauza juisi wote na mimi mwenyewe nitakayekuwa nimekaza macho. Watacheka, watapiga miluzi, watakuuliza maswali ya kipuuzi. Wavumilie. Yule kijana amekwisha kusimama peke yake mbele ya visiwa viwili na maua kifuani, watu wanamwonea huruma. Sasa ni zamu yako kuaibika hadharani kwa ajili yake, na hapa Roseau hatujawahi kumzika mtu kwa aibu. Shuka.