Tundu Nililotoboa Nyuma ya Shingo ya Gitaa Lako

Mwalimu Mabula,

Shikamoo. Nimekaa kidogo baada ya kuandika neno hilo, maana nimezoea lile "marahaba" lako la kuvuta.

Huku Geita tupo, tunasukuma siku. Bendi bado inapiga Jumamosi. Sukari imeonekana kidogo, ila nyuzi za gitaa bado tunachemsha zile kuukuu. Na siku hizi watu wananiita fundi. Wananiletea vile vibanio vya chuma vya kushika nyuzi pale juu ya shingo, zisilegee katikati ya wimbo, na nikimaliza wanasema, "Huu ni mkono wa Mabula kabisa." Naona aibu hadi masikioni.

Unakikumbuka kibanio cha kwanza, alichokuletea mpwa wako kutoka Nairobi? Kilikuja na skurubu fupi za kufungia kwa juu, na bolti mbili ndefu za kupitisha kutoka nyuma ya shingo. Ukanionya: "Maganga, tumia za juu. Shingo hapo ni nyembamba. Punguza mbao kwa tupa, jaribu, punguza tena." Kisha ukaenda Nkome msibani.

Mimi mjuaji nikaona bolti ndiyo kazi ya kiume. Nikachukua keekee, nikatoboa kutoka nyuma. Tundu la pili likaenda upande, mbao ikalia, nikauona ufa. Ningekungoja nikwambie. Badala yake nikajaza gundi na unga wa mbao, nikapaka rangi ya viatu, nikafunga kibanio kwa zile skurubu fupi kana kwamba nilikusikiliza. Uliporudi ukasema, "Leo umetulia, kijana." Ulinisifu, Mwalimu!

Jumamosi ile, wimbo wa pili, shingo ilikatika mikononi mwako. Watu walicheka. Ukasema, "Ni mimi, nililisahau juani kwenye lori." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nikanyamaza. Na wewe, uliyetuambia kila siku kuwa asiyejua kutunza gitaa asishike gitaa, ukajihukumu kwa maneno hayo hayo. Wenzetu walikuazima jingine, ukakataa. Miaka miwili hukupiga hata wimbo mmoja, mpaka homa ilipokuchukua.

Kila siku nilisema kesho. Siku ya kuanua matanga, baba yako mdogo aliuliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Halafu mkeo, Mama Kabula, akanikabidhi mfuko wako wa vifaa mbele ya watu: "Alikupenda wewe kuliko wote." Nami nikamshukuru kwa Kisukuma, "wabeja, mayu," kama mtu safi. Tangu siku hiyo chakula hakina ladha.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nitakwenda kwa Mama Kabula, kisha kwa bendi nzima. Nitaanza na yeye, kwa sababu ndiye aliyekuona jioni zote zile umekaa barazani, hujui mikono uiweke wapi. Akisema nisikanyage tena kwenu, nitaondoka. Lakini atakuwa amejua kwamba mumewe hakuvunja kitu.

Kwaheri, Mwalimu. Sikuombi unisamehe kabla sijamwambia.

Mimi,
Maganga