Kitovu cha Mamako

Rehema mjukuu wangu, salaam alaykum. Huku Ndia Kuu twashukuru, goti tu lanisumbua.

Waniuliza mbona daktari alingoja kidogo kabla ya kukata kitovu cha mwanao, na mtoto kazaliwa kabla ya siku zake. Mamako naye nilimzaa wa miezi saba. Nilimpigia mkunga kelele: "Kata upesi, umfunike!"

Akanijibu, kidole kikiwa juu ya kitovu: "Nishamfunika leso. Hiki chapiga bado, damu yake yamwendea. Wataka nimnyime chake?"

Kilipotulia, akakata.

Huyo niliyedhani hatafika siku arubaini, leo kanificha chumvi, eti ataka niishi sana.

Mbusu mwanao.

Nyanyako