Ng'ombe ya kuazima na jina ya Solange

Ijumaa, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi mpaka saa ine, kisha jua ikatoka, na ziwa yote ikang'aa kama sahani ya harusi. Hapa Gisenyi hali ya hewa haimwombi mutu ruhusa.

Shajara yangu, leo Solange amehama.

Sijui niko na furaha ao niko na huzuni. Mama Aline, muke wangu, anasema ni yote mbili, nikunywe chai nikae kimya. Chai nimekunywa.

Kwa mwenye anasoma hapa mara ya kwanza: mi ni ule tonton, ule mujomba mwenye mutaa nzima inamujua. Masomo nilifika darasa la sita, ya saba ikaniona ikakimbia. Lakini maisha nimeisoma mpaka kitabu imeisha kurasa. Siku volkano ilitapika, mi nilikuwa nimesimama upande wa Busasamana, moto ikakuja, ikaniangalia, ikapita kando. Watu wako hai wenye waliona. Na niko katika biashara ya viazi, kule barabara ya Kanama, miaka makumi mbili sasa.

Solange alikuja kwetu na miaka tisa. Wakati ule serikali ilikuwa imeamua ile manyumba makubwa ya mayatima ifungwe, kila mutoto apate familia. Wenye wanapokea watoto wale, huku wanaitwa malaika walinzi. Nikasema: malaika? Mabawa sina, lakini sauti niko nayo.

Niseme ukweli, juu hapa ni shajara. Si mi nilimutaka. Ni Mama Aline. Mi nilisema nyumba ni ndogo, binti yetu Aline anatosha. Solange alikuja na mufuko moja, nguo mbili, na kijiko yenye ilikwaruzwa namba yake ya kule kwa mayatima. Mwaka muzima alikula na ile kijiko, akaiosha yeye mwenyewe, akalala nayo chini ya muto ya kichwa. Siku moja niliikuta kwenye kikapu pamoja na vijiko zetu zingine, imechanganyika. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Kuku hatuna.

Tangu siku ile, ni binti yangu. Na njo ile neno ilituletea shida.

Serikali haikumutupa kwetu ikaenda. Walimusaidia na masomo, na karatasi ya matibabu, na kila mara mutu wa kujitolea wa mudugudu alipita kuuliza analala namna gani, anakula nini. Alipomaliza sekondari akachagua soudure, kuchomelea vyuma. Msichana! Nikasema utaungua macho. Akasema, "Tonton, we moto ya volkano ilikupita kando, ya mi itanipita kando vilevile."

Sasa, mutoto mwenye alilelewa na familia akifika umri wa kujitegemea, iko musaada wa kumuvusha. Wanamupatia vyombo ya kazi yake, wanamulipia chumba miezi ya kwanza, na mutu wa kumufuata asianguke. Ni kitu muzuri sana. Mi mwenyewe nikianza maisha, mwenye alinifuata ni mbwa.

Bon. Miezi kadhaa iliyopita, tukaambiwa madamu wa mambo ya jamii wa sekta atakuja kuona kama Solange anastahili ile musaada.

Kwetu mugeni haonyeshwe upungufu. Baba yangu alituachia ile: hata kama chungu iko tupu, funika na mufuniko. Basi nilienda kwa jirani yangu Gaspard, nikaazima viti ine, thermos, na ng'ombe yake. Ng'ombe nikaifunga nyuma ya nyumba, pale mutu akikaa anaiona tu.

Madamu akaketi. Akauliza hii ng'ombe ni yenu? Nikasema ni hii moja tu yenye iko karibu, zingine tatu ziko Busasamana zinakula majani ya baridi. Nikaita ile ng'ombe jina, "Bahati! Bahati!", kuonyesha tunajuana. Haikugeuka hata sikio. Nikasema ni ya aibu. Nikaendelea: niko na mashamba Kanama, niko na kamyo ya mizigo Goma, iko garage kidogo. Mama Aline alikuwa ananikanyaga muguu chini ya meza. Mudomo yangu ikishuka mulima haina breki.

Madamu alikuwa anaandika tu. Kisha akauliza, "Na Solange, tumwandike kati ya vijana wenye wanatoka malezi?"

Hapo sikudanganya. Hapo nilisema kwa roho yote. "Madamu, usimwandike huko. Hapa hakuna mutoto wa kulelewa. Huyu ni binti yangu, atatoka kwangu kama binti wa baba yake."

Solange alikuwa amesimama kwa mulango na sahani ya ndizi. Aliinamisha kichwa. Nilifikiri ni furaha.

Liste ya vijana wenye watasaidiwa ikabandikwa kwa ofisi. Solange akaenda kuisoma na nguo yake ya kazi, ile ya buluu. Alirudi, akaweka maharagwe kwa moto, akapepea makaa muda murefu kuliko inavyohitajika. Mama Aline akamuuliza. Akajibu, "Jina yangu haiko."

Nikapiga kelele ya kwamba ni makosa ya ofisi, kesho wataniona! Lakini ndani ya tumbo yangu ng'ombe ya Gaspard ilikuwa imesimama.

Solange hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafasi ya kukasirika. Alisema tu, "Hakuna shida, tonton. Nitavusha nyanya na vitunguu mupakani, niuzishe Goma, kwanza."

Kwanza.

Ile neno naijua, shajara yangu. Mi sina ghala ya viazi. Biashara yangu ya viazi ni kupandisha magunia kwa magari ya wengine. Nilianza kijana, nikasema nabeba hii kwanza, kisha nitajifunza ufundi. Niko nabeba mpaka leo. Mugongo yangu njo cheti yangu.

Siku tatu nilimuona akienda na wamama asubuhi, beseni kwa kichwa, ile mikono yenye inajua kuunga chuma ikishika nyanya ya watu. Siku ya ine Mama Aline aliniambia maneno sita tu: "Uliharibu na mudomo. Tengeneza na mudomo."

Jumanne njo siku ya mukutano wa wananchi kwetu. Madamu alikuwepo mbele. Walipouliza nani ana neno, nikasimama. Watu wakatabasamu, wakijua wamepata hadithi.

Nikasema, "Madamu, ile ng'ombe haikuwa yangu."

Gaspard akapaza sauti kutoka nyuma: "Na tangu siku ile ilipunguza maziwa! Uongo yako iliingia kwa matiti!"

Uwanja yote ikacheka. Madamu hakucheka, lakini alifunika mudomo na daftari.

"Na zile tatu za Busasamana, muzee?"

"Madamu, hazijazaliwa."

"Na kamyo ya Goma?"

"Nilipanda ndani mara moja."

"Na mashamba ya Kanama?"

"Ile... napita kando yake kila siku."

Watu walicheka mpaka machozi. Mi nilikuwa nimesimama pale, mutu wa umri yangu, nikivuliwa mali yangu yote moja moja mbele ya majirani. Nimesimulia mambo mingi katika maisha, hakuna yenye ilinichosha kama ukweli ya dakika tano.

Kisha madamu akanishangaza. "Ng'ombe nilijua," akasema. "Nimekulia kati ya ng'ombe. Ile ilikuwa inaangalia njia ya kwao saa yote. Sikuandika ng'ombe. Niliandika lile neno lako, kwamba hapa hakuna mutoto wa kulelewa. Ni we ulimutoa, muzee. Mi niliheshimu."

Nikakosa pa kuweka mikono. Nikasema nilifikiri nikimwandikisha kule nitakuwa nimemupunguza. Nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba si wangu.

Hapo Solange akasimama. Alikuwa ametoka mupakani, beseni tupu bado iko chini ya mukono. Mutoto huyu haongei mbele ya watu. Hata kanisani anaimba na midomo tu. Akasema, "Tonton, kuwa kwa liste hakunitoe kwako. Kukosa kwa liste njo kunanipeleka mbali."

Akakaa.

Madamu akasema muda wa kulalamika ulikuwa haujaisha, siku ine zimebaki, lazima barua, na iandikwe na mimi mwenyewe juu neno ilitoka kwangu. Barua! Mi mwenye la saba ilikimbia! Niliandika siku mbili. Karatasi tatu nilitupa. Aline alitaka kuniandikia, nikakataa. Ya ine ilikuwa fupi: nilidanganya juu ya mali, si juu ya mapendo, tafadhali mutoto asilipe. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka kama njia ya Busasamana, lakini walisoma. Njo kitu nashukuru zaidi: walisoma. Wangesema liste imefungwa, nenda. Waliita Solange, wakamuuliza yeye mwenyewe maswali yake, bila mi kuwa ndani. Nilikaa nje kwenye banchi, mudomo imefungwa, jambo yenye haijaonekana katika wilaya hii.

Leo asubuhi tukaenda kuchukua vyombo. Mashine ya kuchomelea, kofia ya kukinga macho, glavu, nyundo, msumeno wa chuma. Kila kijana aliitwa jina. Walipoita la Solange nilipiga makofi mpaka afisa mumoja akaniangalia vibaya. Sikujali. Wakamupa na ufunguo ya chumba, karibu na barabara kubwa, kodi ya miezi ya kwanza imeshalipwa, na wakamuonyesha dada mwenye atakuwa anamutembelea. Solange alisaini polepole, jina yote, kama mutu anayechomelea.

Mudomo yangu imesema mengi juu ya maofisi. Leo inasema asante, na haiongeze chumvi. Nilifikiri baba anatosha. Kumbe mutoto anastahili kamba mbili: moja ikikatika juu ya majivuno ya mutu kama mi, ingine inamushika. Na wakati mi nalinda jina yangu, wao walilinda ya kwake. Nasema asante kwa serikali, kwa madamu na kalamu yake, kwa ule wa kujitolea wa mudugudu mwenye alitembea na viatu vyake mwenyewe miaka yote hii kuuliza kama mutoto wetu amekula. Na kwa Mama Aline, juu nyumba ilikuwa ndogo naye akaona nafasi.

Mashine niliibeba mi mwenyewe mpaka chumba chake, na mukono moja. Bon, mikono mbili. Bon, na Gaspard.

Tulipofika, nilitaka kusukuma mulango niingie, kama ninavyoingia kila mahali. Solange akanigusa bega. "Tonton, ngoja nifungue."

Nikangoja. Nilisimama nje ya mulango ya mutoto wangu, na jasho kwa shingo, nikisikia ufunguo ikizunguka mara mbili. Chumba ni kidogo, kina dirisha moja, na ukuta inanuka rangi mupya. Aliweka mashine kwenye kona, akaisogeza, akairudisha. Akatuambia karibuni. Nilimuona akitafuta kiti ya kunipa, na kiti bado hana, nikakaa chini kwenye sakafu haraka asipate haya.

Jumapili nitapita pale baada ya misa. Nitapiga hodi, ningoje. Akisema karibu, nitaingia. Akisema yuko na kazi ya mutu inamungojea, nitarudi nyumbani kwa muguu, nikiimba njia yote.