Dakika Nilizoziruka

Jumatatu, 17 Januari

Nimepita tena kwa Papa Didier, Mkongo wa duka la intaneti, baada ya shule. Kompyuta ya tatu, ile yenye vitufe vigumu. Ukurasa mmoja, habari za mechi ya Kaka. Nimechapisha, nimekunja, nimeuficha ndani ya daftari la Biolojia. Timu ya Kaka imefungwa. Wako mkiani.

Baada ya kula niliwasomea. Ndiyo kazi yangu tangu Septemba, Kaka Lwazi alipokwenda Uingereza kucheza raga ligi kuu. Macho ya Baba hayaoni tena maandishi, sukari imeyaharibu. Kiingereza cha Mama ni cha sokoni. Kwa hiyo macho yangu yanasoma Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili, hapo hapo. Darasani nikiambiwa nisome aya moja sauti inakauka. Nyumbani naweza.

Baba anataka kila dakika. Nani alikaba, nani aliponyokwa na mpira. Yeye ni mtu wa Eastern Cape, hapa hapa Afrika Kusini, kwao raga ilichezwa na babu zake. Alipokuwa mkimbizi Morogoro alimfundisha Kaka kwa mpira wa matambara, na kwa Kiswahili. Mama yeye ana swali moja tu. Kaumia, hajaumia?

Leo nimeruka mstari. Kaka aligongwa kichwani, akakaa chini kidogo, akaendelea kucheza. Mwenyewe aliniomba jana kwenye simu. "Neema, hilo la kichwa achana nalo. Mama hatalala."

Nikaachana nalo. Mama akasema Mungu mkubwa.

Jumamosi, 29 Januari

Jambo baya, lakini acha niliandike.

Timu ya mwisho inashuka daraja. Kaka alisema wakishuka, mkataba wake umekwisha, anarudi nyumbani. Saa kumi na moja mechi inapoanza kule, Mama anapiga magoti chumbani kuwaombea ushindi. Mimi nakaa sebuleni nawaombea wafungwe.

Ndiyo hivyo. Nina hamu naye. Hakuna mwingine ninayeongea naye bila kufikiri kwanza.

Leo wameshinda, Kaka amepiga kusema. Nikanuna. Mama akadhani tumbo.

Jumatatu, 14 Februari

Wasichana wa darasani wamepewa maua. Mimi nina ukurasa wangu.

Kichwa tena. Mara hii alitoka nje, akapimwa, akarudi uwanjani. Papa Didier alikuwa ananisomea begani, kama kawaida yake. "Ndugu yako iko na nguvu mingi, ma petite. Lakini kichwa haiko chuma." Nikakunja karatasi upesi.

Jioni nikaruka. Baba si mtu wa kurukiwa.

"Dakika ya hamsini mpaka ya sitini hakukutokea kitu? Mwamuzi alikwenda kunywa chai?"

Nikasema walikuwa wanapigiana mpira juu tu, huku na huku.

"Waingereza hao! Unawapa mpira, wao wanautupa mawinguni." Akacheka mpaka akakohoa. Mama naye akacheka kwa sababu yeye amecheka.

Mimi ni mwongo. Mistari ninayoiruka naipigia alama kwa kalamu nyekundu. Sijui kwa nini. Labda ili nisijidanganye mwenyewe.

Jumapili, 6 Machi

Kaka amepiga saa kumi. Tumeongea naye wote kwa zamu. Amesimulia kuhusu mwenzake wa timu aliyekwenda kanisani na viatu vya raga, njumu na kila kitu, kok kok kok mpaka madhabahuni. Tumecheka sana.

Saa kumi na mbili simu imelia tena. Baba bafuni, Mama anasonga ugali. Nimepokea mimi. Alikuwa Kaka. Hamjambo, Mama yuko wapi, jana tumecheza vizuri. Halafu: "Neema, kuna mwenzetu mmoja kaenda kanisani na viatu vya raga..."

Nimesubiri aseme anatania. Ameisimulia yote. Kok kok kok.

Nimecheka. Sikujua la kufanya. Nimecheka.

Mama ameuliza nani huyo. Nimesema wamekosea namba.

Jumatatu, 7 Machi

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 16 Machi

Nimempigia Kaka kutoka kibanda cha simu cha kona, kwenye robot, zile taa za barabarani. Nimemwambia: ulipiga mara mbili. Amesema eish, nilikuwa nimechoka. Nikasema hukukumbuka. Halafu akasema kichwa kinauma kidogo tu, mchana anafunga mapazia basi kinatulia, na msimu unakaribia kwisha. "Wewe endelea kusoma vizuri, mdogo wangu. Unasoma vizuri sana."

Tatizo ni hili. Nikisema, watamtoa. Wakimtoa, timu labda itashuka. Ikishuka, anarudi. Na hicho ndicho nilichokuwa nakiomba kila Jumamosi. Sasa nitajuaje kama nasema kwa ajili ya kichwa chake au kwa ajili yangu?

Nimefikiria siku nzima.

Jumatatu, 4 Aprili

Ukurasa wa leo ulikuwa na utani ndani yake. Mwandishi aliona ni kichekesho. Kaka aligongana na mtu, akaanguka, akainuka, akaenda kusimama na wapinzani. Alijipanga kabisa kwenye mstari wao, anangoja mpira. Mchezaji wao mmoja akamshika mkono akamrudisha upande wake. Watu walicheka. Akacheza mpaka mwisho.

Papa Didier hakucheka. Hakutaka hata kulipwa. "Nenda nyumbani," akasema.

Nikawasomea. Nilipofika hapo nikasimama. Mama akaniangalia. Nikausoma mstari wote, nao ukatoka kwa sauti ndogo sana, lakini ukatoka.

Baba akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Ni mara ya kwanza?"

Nikasema ya tatu. Nikawaambia na ile simu ya pili. Nikalia kidogo, si sana.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. "Miezi mitatu unanilisha maneno matamu, Neema. Mimi mama yake." Basi. Akaenda jikoni.

Baba alikaa. Baadaye akasema kwao alikuwapo kijana aliyecheza hivyo hivyo, mwisho akawa anapelekwa dukani kwa mkono na mama yake. Hakuniambia jina lake. Aliniambia tu kesho nisiende shule.

Jumanne, 5 Aprili

Tumepiga simu klabuni. Namba nilizibonyeza mimi. Baba alijitambulisha kwa kile Kiingereza chake cha mikutano, akamtaka daktari. Tukangoja. Ikaja sauti ya mwanamke, ya taratibu. Baba akanipa simu.

"Sema wewe. Uliyesikia ni wewe."

Nikasema jina langu. Daktari akangoja. Baba akaniwekea kiganja mgongoni. Basi nikamweleza zile simu mbili. Akauliza kama mwanga unamsumbua, nikasema anafunga mapazia mchana. Akauliza kuna mengine? Nikafungua daftari la Biolojia, nikamsomea mistari yote yenye alama nyekundu, na tarehe zake, kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa. Sauti haikukauka.

Akasema asante. Akasema Kaka alimwambia kila mara kwamba yuko safi.

Baba alinitengenezea chai, akamwaga nusu mezani kwa sababu haoni. Nimeinywa yote.

Jumatano, 6 Aprili

Kaka amepiga. Amemtaka Neema. Daktari amemzuia kucheza.

"Zimebaki mechi chache tu. Chache, Neema!"

Nikasema najua.

"Ningekuambia nini tena ili unyamaze?"

Akakata.

Sijali. Nimeandika sijali. Si kweli.

Jumatatu, 2 Mei

Msimu umekwisha. Walishinda mechi ya mwisho bila yeye na hawakushuka. Jumamosi saa kumi, kule mechi inaanza maana wamesogeza saa, nilipiga magoti na Mama. Niliwaombea washinde, na nilimaanisha. Mama alinisogezea mkeka, ndilo jambo la kwanza alilonifanyia tangu siku ile ya sahani.

Kaka anakuja kupumzika. Daktari amesema miezi mingi. Mkataba watauzungumza akipona. Yeye na mimi bado hatuongei.

Jumapili, 15 Mei

Ana siku tisa hapa. Ananiambia nipishe na nipe chumvi. Mengine anamwambia Mama. Mchana analala chumbani, Mama ametundika blanketi dirishani. Hataki redio. Anakula vizuri.

Leo baridi ilikuwa kali lakini jua lilikuwepo. Nilikuwa barazani nafanya hesabu. Kaka akatoka na soksi bila viatu. Akakaa kwenye ngazi, chini yangu kidogo. Nikadhani atarudi ndani. Hakurudi. Ng'ambo jirani alikuwa anaosha gari.

Nikamaliza hesabu ya sita, ya saba. Jua lilikuwa limempiga usoni moja kwa moja. Hakuweka mkono machoni. Alikuwa anaangalia maji yanavyoshuka mtaani.

Mama akatuita chakula kimeiva. Kaka akasema, "Tunakuja."

Tukakaa kidogo tena.